Daraja la Waliorudi

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimepalilia maharage mpaka mgongo ukakataa. Mvua tena mchana. Nilipokwenda kuteka maji niliwakuta Bahati na Faustin mtoni, wanachonga magogo. Wanataka kujenga upya daraja lililochomwa na vita. Walichukuliwa na wenye silaha kwenda porini pamoja na mwanangu Innocent, sauti zao bado za kitoto. Walikwenda watatu. Wamerudi wawili. Sikuwasalimia.

Alhamisi, 9 Oktoba
Hakuna anayewasaidia. Watu wanasema mkono uliozoea kuchoma haujui kujenga. Nami nilisema hivyo, kwa sauti, wasikie. Faustin amekatika vidole vya mkono wa kulia, anashika panga kwa kushoto. Alisikia. Akaendelea kukata.

Jumapili, 12 Oktoba
Kanisani hakuna aliyeketi benchi moja nao. Mchungaji alihubiri habari za mwana mpotevu. Nilitoka nje. Nawachukia kwa sababu mama zao wanawapikia. Ndivyo ilivyo.

Jumanne, 14 Oktoba
Risasi upande wa milimani. Mbali, lakini tunazisikia. Watu wanafunga mizigo. Tukikimbia leo tutakwama mtoni, maji yamejaa. Inasemwa pia wale wa porini wanatafuta watu wao wa zamani. Nilidhani hawa wawili watatoroka. Wameshinda mvuani wakifunga magogo.

Jumatano, 15 Oktoba
Bahati amekuja. Alisimama uani, kofia mkononi. Alikataa kiti.

"Mama, niko nakuya kwa mambo ya Innocent."

Nilimwambia aseme.

"Tulitoroka naye. Alikuwa na homa mubaya, tukamubeba kwa mugongo, mimi na Faustin. Tukafika pa muto, maji imejaa, daraja hakuna. Tukangoja. Aliona moshi ya nyumba yako. Akasema, 'Mama iko anapika.' Asubui hakuamuka. Tukamuzika palepale. Kisha wakatukamata tena."

"Na tangu murudi, mbona hamusemi?"

"Tuliogopa macho yako, Mama. Tukasema tutengeneze njia kwanza."

Nililia mpaka sauti ikaisha. Ng'ambo. Miaka yote hii nateka maji, na mwanangu yuko ng'ambo.

Ijumaa, 17 Oktoba
Nimepika bugali na sombe ya majani ya muhogo, nikapeleka mtoni. Nikabeba mawe. Wanawake waliniona, wakaja nao. Jioni waume zao pia. Bado nina hasira. Sijui ni ya nani.

Jumamosi, 25 Oktoba
Tuko Kashebere, ng'ambo ya mto, tumelala darasani, familia kwa familia. Jana risasi zilifika kijijini. Daraja lilikuwa halina hata mahali pa kushika, lakini lilitubeba. Wazee, mbuzi, godoro, watoto mgongoni. Bahati alisimama katikati ya maji, amejifunga kamba kwenye gogo, akishika watu mikono. Faustin alimvusha bibi mmoja kipofu, akarudi kumchukua mgonjwa aliyebaki nyumbani. Mgonjwa alifika, amebebwa na wengine. Anasema wenye silaha walimkuta Faustin njiani, amembeba mgongoni, wakamtambua. Wakaondoka naye.

Jumanne, 28 Oktoba
Mama yake Faustin hali chakula. Anakaa mlangoni akitazama barabara. Wengine wanamwambia atarudi tu. Waliniambia hivyo nami.

Jumapili, 2 Novemba
Tumerudi. Kijiji kimya. Nyumba yangu imeibiwa sufuria, basi. Nilivuka na Bahati akanionyesha mahali: mawe machache, nyasi ndefu. Nilidhani nitapiga kelele. Sikupiga.

Mama yake Faustin alitufuata bila kuitwa. Sikumwambia neno la kumfariji. Nilimpa nafasi kwenye kitenge changu, tukakaa, tukang'oa nyasi pamoja. Watu walikuwa wanapita darajani na mizigo yao, wakitusalimia.

Shamba la mama yake Faustin limejaa magugu. Kesho tutaanza na lake.