Kiti cha Mama cha Mbao Mbichi

Karakana ya Baba,
Nyuma ya Stesheni.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Kaka Mkubwa,

Habari za huko na baridi yake? Wifi na watoto wazima? Na kikohozi chako je, au bado unakilea? Sisi hatujambo. Nyonga ya Mama inaendelea kupona, ila kukaa ndiko kunakomtesa. Kila kiti anakilaumu, hata cha jirani.

Barua yako nimeisoma. Unataka karakana apangishwe yule muuza vipuri, kwa kuwa Baba hayupo na mimi eti nitachoka tu. Mama naye alikuwa upande wako. Kaka, sikuchoka. Nilikasirika, kisha nikaamua kumtengenezea kiti chenye mgongo uliopinda, mwone nyote wawili.

Nilianza kwa kuboronga. Nilichagua mbao kavu kuliko zote, zile zilizokaushwa kwenye tanuri, nikazitia kwenye mvuke hadi karakana nzima ikatoka jasho, nikazikunja. Zikavunjika moja baada ya nyingine. Fundi rangi wa mlango wa pili akaja kuuliza kama siku hizi nauza kuni.

Aliyenifungua macho ni mwalimu wa kemia aliyeleta stuli zake kutengenezwa. Alinieleza kwamba ndani ya mti mna kitu kiitwacho lignini, gundi ya asili inayoshikilia nyuzi zake. Ndiyo inayoufanya mti usimame wima wakati nyasi zinalala. Ubao ukiwa mbichi, mvuke huilainisha gundi hiyo, na ukipoa inakaza katika umbo jipya. Ukishakaushwa kwenye tanuri, inakuwa mkaidi, hailainiki vizuri tena.

Mbichi, Kaka! Baba angenifukuza pamoja na msumeno wangu. Unakumbuka alivyotuimbia kwamba mbao mbichi ni aibu ya fundi. Kwa milango na makabati alikuwa sahihi kabisa. Kwa kupinda, hapana. Ilinibidi nimbishie marehemu, na nilimbishia huku nimemkumbuka hadi machozi yakanitoka.

Ubao mbichi ulipotoka kwenye mvuke niliukunja taratibu kwenye kalibu iliyopinda kama mgongo wa kiti, ukanifuata kama mtoto aliyeshikwa mkono. Nikaubana, nikauacha ukauke. Nilipoufungua haukurudi nyuma hata kidogo. Sasa kazi hii naijua, wala sibahatishi.

Jana nilimketisha Mama. Angekikataa na hicho, karakana ilikuwa imekwenda. Alijisogeza, akaegemea, akapapasa mkono wa kiti, akafumba macho. Nikadhani amesinzia.

"Mwandikie kaka yako," akasema. "Huyo muuza vipuri atafute pengine."

Basi nimekuandikia, kama nilivyotumwa.

Msalimie sana wifi, na yule mtundu wetu mdogo mwambie shangazi yake anamkumbuka. Fundi rangi anakusalimu pia. Mungu awafunike kwa heri na afya njema.

Dada yako akupendaye, na asiyechoka,
Randa