Nani Alitoka Kusafisha Mfereji

Sanduku la Posta 61,
Tabora.
9 Machi, 1949.

Mpendwa mwanangu Tabea,

Marahaba. Leo natimiza miaka ishirini na miwili tangu niondoke Meru. Salamu yako imenikuta mzima, ila miguu inavimba na usingizi hautulii. Nyinyi hamjambo? Kifua cha mama yako kimepona?

Unasema shule imekupa kazi ya kuandika historia ya mfereji wetu, na baraza litaisoma kabla ya kuamua kama watu wa chini, wanaokaa mwisho wa mfereji, wafungiwe maji kabisa. Barua hii nimeianza mara tatu. Jana niliipeleka ile ya pili posta nikarudi nayo.

Swali lako, "Nani aliuchimba mfereji?", halitakufikisha mbali. Kila mzee atakujibu ni babu yake, na waliouchimba wamekufa wote.

Na lile daftari la kanisani la 1926, unaloliita shahidi wako mkuu, nililiandika mimi. Tazama mwandiko wake, halafu tazama barua hii. Babu yako alisema, nami nikaandika, kwamba ukoo wetu uliuchimba peke yake. Nilipouliza watu wa chini walikuwa wapi, akasema, "Umekuja kuandika au kunihoji? Chovya kalamu." Nikachovya. Namnyaki wa kule chini alikuwa akipita na mkungu wa ndizi, akacheka: "Na sisi utatuandika wapi, Mwalimu, pembeni mwa karatasi?" Sikumfuata kumwuliza. Kwake ni hatua mia mbili.

Mwaka uliofuata daftari hilo likatumika kuwapunguzia watu wa chini zamu za maji. Nikaondoka.

Badili swali. Uliza: kila mwaka baada ya masika, nani alitoka kusafisha mfereji? Hilo ndilo linaloonyesha mfereji ni wa nani, na watu hulikumbuka, kwa kuwa asiyetoka alitozwa pombe ya ndizi, na aliyetozwa hasahau. Anza na Namnyaki, kama yu hai. Kisha waulize wa juu, mmoja mmoja, baba yako asiwepo. Majibu yakipishana, yaandike yote. Daftari liweke mwisho, useme mwandishi wake alisikiliza upande mmoja, na jina langu ulitaje.

Baba yako atakasirika. Najua ni wewe utakayekula naye meza moja, si mimi.

Nisalimie mama yako, shangazi Penina, na Bariki wa Ngaramtoni. Mungu akupe subira ya kusikiliza watu mpaka wamalize.

Umeniomba nije nisimame nawe barazani. Nikija, watanisikiliza mimi, na Namnyaki hataulizwa tena. Sitarudi.

Akupendaye daima,
Baba yako mdogo,
Melkizedeki