Mwiko wa Baba Askofu

Mama mpenzi,

Bado nausikia ule mwiko ukigonga sufuria. Askofu mkuu mstaafu, mmisionari aliyefika huku Ronge akiwa padri kijana, alikuwa akitupondea kimanga cha maharagwe na mihogo.

"Ponda, Baba Askofu, usihubiri!" mpishi wake akamkemea.

Nilimwambia Baba Askofu naogopa kufundisha gredi ya kwanza hapa, maana Kidawida, lugha ya watoto wa huku, sikijui. Akacheka. "Mahubiri yangu ya kwanza kwa Kidawida, waumini walicheka mpaka amina. Jumapili iliyofuata walijaa mpaka nje. Wao ndio walionifundisha."

Nilikula sahani mbili, Mama, ukungu ukishuka mlangoni. Nakuombea usingizi mtamu na magoti yasiyouma. Barua ya kukubali kazi nimeipeleka shuleni leo asubuhi.

Mwanao,
Nafula