Njia Yako Imelimwa, Shemeji

Shemeji Aidani,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na goti la kushoto limefungwa bendeji. Hayo mawili yanahusiana, nitakueleza. Wewe ulikuwa huzungumzi na mtu mwenye hasira mpaka ale kwanza. Basi nimekula. Ugali na maharage, sahani imekwisha, na hasira iko palepale.

Njia yako haipo tena. Ile ya kutoka kwetu huku Maguu, inayoshuka bondeni na kufuata mto mpaka ikutoe kwenu ziwani. Ile uliyowapitishia wageni wanaopenda kutembea, ukiwaambia wamekuja kuona nchi ambayo gari halijaiona. Ile ambayo dada yangu, tangu ulipomwoa, amekuwa akipanda nayo kuja nyumbani kumwona mama, beseni la samaki kichwani. Imelimwa, Shemeji. Katikati kabisa, kwa Mama Hyasinta, pale kwenye mteremko ambapo mtu huliona ziwa kwa mara ya kwanza na kusahau alikuwa anasema nini. Sasa hivi pana ngoro, kilimo chetu cha mashimo, na juu ya matuta ya ngoro pana maharage, na maharage yana mwenyewe, na mwenyewe ana mdomo.

Najua kwa sababu nilikwenda. Simu yako anayo dada Rozina, na watu ambao hawajasikia msiba bado wanaipiga kuulizia safari. Siku moja akanipigia: "Kaka, kuna mume na mke wa Songea, wote wauguzi, wanataka kushuka ziwani kwa miguu. Niwaambie nini?" Nikamwambia waje, nitawapeleka mimi.

Cheka tu, umalize. Najua mimi ni fundi cherehani. Najua kitambi changu, na najua ulivyowatangazia watu kwamba shemeji yako akitoka kwenye cherehani kwenda mlangoni hupumzika njiani. Lakini njia niliijua. Angalau nilidhani naijua. Nimeshuka nayo nyuma yako mara nyingi, nikitazama visigino vyako na kulaani siku niliyokupa dada.

Tulianza vizuri, sikudanganyi. Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni, kahawa zimeanza kuwa nyekundu, wageni wana viatu vya maana na fimbo za kukunja, mimi na raba zangu. Kwenye kijito cha kwanza nikawapa ule uongo wako, kwamba ukinawa uso pale huchoki tena mpaka ziwani. Wauguzi wazima, wakanawa. Yule mama akasema kweli anasikia wepesi. Nikajiona nimekuwa wewe.

Kisha tukatokea kwa Mama Hyasinta, nikaanza kutafuta njia kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. Mashimo na matuta, mashimo na matuta, kijani mpaka chini kabisa. Nikanyanyua mguu nikanyage tuta la kwanza.

"Rudisha huo mguu ulikoutoa, fundi!"

Mama Hyasinta alikuwa anapalilia na wakwe zake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuacha kuutazama mguu wangu. Nikamwambia, mama, hapa pana njia.

"Palikuwa na njia. Palikuwa na mwenye njia pia."

Nikasema njia ni ya watu wote. Hapo wale wakwe wakaangua kicheko, na Mama Hyasinta akajishika kiuno. "Ya watu wote? Na mwezi wa tatu, tulipokuwa tunalaza majani, hao watu wote walikuwa wapi?"

Ndipo nikafundishwa, mimi Mmatengo niliyezaliwa kwenye mteremko, siri yako wewe Mnyasa wa mchangani. Kulima ngoro nakujua, si sana, lakini nakujua. Wanaume wanafyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, wanawake wanachimba udongo wa katikati na kuyafunika. Palipolala majani panakuwa tuta, palipochimbwa panabaki shimo. Nisichokijua ni kwamba kila mara shamba lile linapolimwa upya, njia inakufa, na anayeitaka lazima awepo siku ya kulaza majani.

"Aidani alikuwa anapanda huku na samaki wake, mbasa wa kukausha," Mama Hyasinta akasema. "Anavua shati, anafyeka na wanaume, vibaya kabisa, tunamcheka. Wakianza kulaza, anakwenda kusimama pa njia. Tunamtukana, hatoki. Tunamwambia rudi kwenu ukavue, hatoki. Basi wanaume wanachoka, wanalaza kulia kwake na kushoto kwake, naye anashuka polepole mbele yao mpaka chini. Alipopita yeye panabaki. Hiyo ndiyo njia yenu ya watu wote."

Shemeji!

Kwa hiyo ile miezi ya tatu yote uliyokuwa ukitokea kwangu jioni, matope mpaka magotini, na mbasa mmoja mkononi, ukisema "Nimekuja kukusalimia tu, shemeji, ziwani hakuna mtu wa kutaniana naye", mimi nilikuwa gesti? Na nilikuwa nachinja kuku! Nikijisifu kwa mke wangu kwamba huyu mtu ananipenda, anapanda mlima wote huu kwa ajili yangu. Kuku wangu wote wale, Aidani. Ungeniambia neno moja tu. "Shemeji, nikifa, nenda ukasimame." Nani angejua kwamba njia inahitaji mtu wa kutukanwa?

Nikajaribu kuwazungusha wageni kupitia korongoni. Huko ndiko goti lilikobaki. Nikasaidiwa kupanda, mume huku, mke huku, mpaka barabarani, na bendeji ni yao. Wakachukua bodaboda kwenda ziwani. "Tumefurahi sana," wakaniambia, kwa sauti ile wanayowaambia wagonjwa.

Baada ya hapo nimezunguka kama karatasi ya ofisini. Viongozi wa kijijini kwetu wanasema shamba liko kijiji cha jirani. Jirani anasema faida ya wageni huliwa ziwani, basi waziwani washughulike. Nikapiga simu kwenu, wakaniuliza, "Fundi, kwani lami hamjaiona?" Kila mtu ananionyesha lami. Lami ni nzuri, sikatai, nyuzi zangu zinafika mapema. Lakini Rozina humjui? Kona za kushukia Mbamba Bay zinamtapisha mpaka anashushwa kandokando ya barabara kama mzigo uliochanika. Tangu tukuzike hajapanda huku. Mama anakaa uani ameelekea mteremko, kila nikipita ananiuliza, "Rozina amefika?" Namwambia bado. Nimechoka kusema bado. Ndiyo maana nimekasirika, si kwa sababu ya kuku. Sawa, na kuku pia.

Juzi nikarudi kwa Mama Hyasinta, nachechemea. Ngoro zikishatengenezwa hazihamishwi, maharage yakitoka linaingia hindi, hilo nilikuwa najua. Lakini ana shamba jingine chini, kando ya mto, limepumzika, nyasi zimefika kifuani. Mwakani mwezi wa tatu analilima. Njia inaweza kukwepa maharage na kupita huko, itakuwa ndefu kidogo, na ziwa utaliona umechelewa.

"Ila maneno sitaki," akaniambia. "Nataka mtu asimame. Nani atasimama?"

Nikasema mimi.

Mkwe mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Mwingine akasema, "Huyu akisimama, mama, tutaachiwa njia ya lori." Hata Mama Hyasinta aligeuka upande. Lakini hakusema hapana. Alisema nije mapema, nifyeke kama wengine, na nisijaribu kumletea samaki wa jana.

Nimempigia Rozina kumweleza yote. Akauliza kama kweli ulikuwa hutoki hata ukitukanwa. Nikamwambia ndivyo wanavyosema. "Nyumbani alikuwa hivyohivyo," akasema, akacheka, kicheko kikageuka, akakata simu.

Basi kwaheri, Shemeji. Ulale vizuri huko mchangani, usikilize maji yako. Mwezi wa tatu ukifika nitavua shati mbele ya kijiji kizima, Mungu awasamehe watakaoona, na nitasimama mpaka wachoke. Wageni siahidi, wao wana lami. Naahidi mtu mmoja tu kwenye njia hiyo, na wewe ndiye shahidi: dada yangu, akipanda kwa miguu yake kuja kwa mama.

Shemeji yako,
Kosmasi