Pembe za Shamba la Maharage

Mke mwenzangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Mbuji hatujambo. Kahawa imeanza kuiva, na baba yako ametuma mabati ya jiko langu.

Unauliza kama mfuasi wa Yesu anaweza kushika Sabato ya Wayahudi, maana wenzako huko Dodoma wanakucheka.

Nikiwa msichana, baba yangu, katekista, alinituma kung'oa maharage. Niling'oa yote, nikitegemea sifa. Akatazama pembe za shamba. Kisha akasema, "Pembe hizo Mungu aliwaagiza Wayahudi wawaachie maskini, na Bwana wetu ni Myahudi. Sasa Mama Tilia kesho atavuna nini?"

Mama Tilia alikuwa jirani yetu, mjane. Nikasema basi nitampelekea kikapu kizima nyumbani.

"Ukimpelekea, umempa sadaka," baba akajibu. "Ukimwachia shambani, amevuna."

Tukarudi wote wawili, tukalaza mafungu ya maharage pembeni, kama tuliyoyasahau.

Kwa hiyo shika Sabato yako, mjukuu wangu. Ila siku hiyo na dada wa kazi apumzike.

Tangu mume wetu, babu yako, atutoke, sijaweza kulima. Wiki iliyopita nilipita shambani kwa jirani, nikakuta pembe moja haijaguswa. Nikaangalia huku na huku, nikainama. Neema, sikuomba kwa mtu. Nilivuna.

Bibi yako anayekuombea