Maelezo ya Phares Luseno Kuhusu Chupa ya Mrenda

KITUO CHA POLISI, ENEO LA MAKADARA, NAIROBI
MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa Ijumaa, tarehe 13 Juni 2025, kuanzia saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Jina: Phares Luseno
Umri: Miaka 72
Kazi: Mwalimu mstaafu wa Kiswahili, shule ya msingi
Makao: Mtaa wa Jericho, Nairobi
Kuhusu: Kifo cha Sylvance Owuor, miaka 67, fundi mstaafu wa reli

Kabla ya lolote, naomba radhi kwa kunyamaza siku kumi na moja tangu marehemu afariki. Mnamo tarehe 4 Juni Sajini Wacuka alifika kwangu akaniuliza kama ninajua chochote kuhusu chupa iliyopatikana katika koti la marehemu. Nilimjibu kwamba sijui. Nilisema uongo. Chupa hiyo ni yangu, na kilichomo nilikipika mimi mwenyewe jikoni kwangu.

Marehemu alikuwa jirani yangu kwa miaka thelathini na minne. Yeye aliniita Mwalimu, nami nilimwita Fundi. Mke wake ni Truphena, ambaye mimi humwita shemeji. Mke wangu alifariki mwaka wa 2019, na tangu hapo ninaishi peke yangu.

Mnamo Januari mwaka huu Fundi alifanyiwa upasuaji wa tezi dume kwa sababu ya saratani. Saratani iliondolewa. Nguvu za kiume nazo ziliondoka.

Mnamo Jumanne, tarehe 11 Machi, aliniomba nimsindikize kliniki ili nimwandikie maagizo, kwa kuwa alihofia kuyasahau. Muuguzi alimpa pampu ya mkono. Ni bomba la plastiki lililo wazi upande mmoja, lenye mpira mdomoni na mpini wa kutoa hewa. Uume huingizwa ndani, hewa hutolewa, na damu huja yenyewe. Muuguzi alisema afanye hivyo dakika kumi kila siku kama mazoezi, hata kabla ya kuanza tena kulala na mkewe, ili mishipa isife. Alimpa pia tyubu ya kilainishi cha kupaka kwanza, ngozi isichubuke.

Niliyoandika siku hiyo ni haya. Kilainishi kiwe jeli ya maji. Mafuta ya aina yoyote yasitumiwe, kwa maana huharibu mpira. Kisiwe na manukato. Kwa kuwa Fundi ana kisukari, atazame ngozi kila siku, kwani anaweza kuumia asihisi. Akiona kidonda, aache na aje kliniki. Daftari lenye maneno hayo nimelileta. Mwandiko ni wangu.

Nyumba ya Fundi ni ya vyumba viwili, na wajukuu watatu wanaishi humo. Kwa hiyo alikuja kwangu kila asubuhi saa tatu, akiwa ameshaoga. Aliingia chumbani, nami nikaketi barazani na kuongeza sauti ya redio. Akimaliza, aliosha pampu na kuifungia katika kabati langu.

Nilimuuliza kama Truphena anajua.

"Hapana," alisema. "Nikimwambia sasa atanihurumia. Huruma ya mke sitaki, Mwalimu. Nataka siku moja anishangae."

Nilimwambia kwamba mke ni wa kuambiwa. Alichukua Biblia yangu mezani akaniapisha nisimwambie mtu. Niliapa.

Tyubu iliisha mwishoni mwa Aprili. Mnamo Jumatatu, tarehe 28, saa nne asubuhi, tulienda pamoja katika duka la dawa la mtaani. Anayeuza pale ni Winny, msichana aliyeimba kwaya pamoja na Amondi, binti wa marehemu.

"Sasa, Baba Amondi! Leo tunakupea nini?"

"Dawa ya kikohozi."

"Lakini hukohoi."

Fundi akakohoa.

Tulitoka na dawa ya kikohozi. Nilimwambia twende katika duka la mjini, akasema huko nako kuna Winny mwingine. Nikajitolea kwenda mimi. Alinicheka.

"Wewe usiye na mke? Mtaa mzima utauliza Mwalimu anamlainishia nani."

Ningepaswa kwenda hata hivyo. Sikwenda, kwa sababu nami niliona haya.

Fundi alisema hatuna haja ya duka. "Pampu ni pampu. Mimi nimetia grisi pampu za reli miaka thelathini." Nilimsomea maagizo ya muuguzi kutoka kwenye daftari. Alisema muuguzi hajawahi kufungua pampu. Alitumia mafuta mazito ya kujipaka kwa siku tatu. Siku ya nne mpira ulikuwa umevimba na kulegea, na bomba halikushika hewa tena. Aliupeleka Kariobangi kwa fundi aitwaye Matheka, akakatiwa mpira mwingine. Matheka alimuuliza pampu hiyo ni ya nini.

"Ya tangi la samaki," Fundi akajibu.

"Mzee, samaki wako wanene," Matheka akasema.

Fundi alinisimulia hayo akicheka hadi akashika ukuta. Tangu upasuaji sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. Nilitamani sana jambo hili lifanikiwe.

Mnamo Jumapili, tarehe 4 Mei, baada ya ibada, nilisoma katika simu kwamba watu wengine huchemsha mbegu za kitani hadi maji yawe ute, kisha huchuja na kuutumia kama kilainishi. Mbegu hizo sikuwa nazo. Lakini mimi natoka magharibi, na marehemu pia, na sote tunajua mboga inayoteleza kuliko zote.

Siku iliyofuata nilinunua mrenda sokoni. Nilichambua majani, nikayaosha mara tatu, nikayachemsha katika vikombe vinne vya maji. Nikatia kijiko cha magadi. Nikachuja kwa kitambaa safi, nikapoza, nikatia ute katika chupa ya kioo. Nilijipaka kidogo kwenye kifundo cha mkono kwa muda wa dakika moja. Sikuhisi kitu. Nikanawa.

Kuhusu magadi, Sajini ameniuliza niliyatia kwa nini. Sina sababu ya kumpa. Mama yangu hakupika mrenda bila magadi, na mke wangu hakuupika bila magadi. Mkono wangu ulienda kwenye kopo wenyewe. Magadi hulainisha majani na kuuzidisha ute. Kwamba yanaweza kuunguza ngozi laini, iliyovutwa na hewa, dakika kumi kila siku, sikulifikiria. Nilikuwa nikipika mboga.

Fundi aliipenda. "Hii imeshinda ya hospitali," alisema. "Na ikibaki tutakula na ugali." Nilimpikia nyingine kila baada ya siku nne. Sikuwa na friji, hivyo chupa ilikaa juu ya kabati.

Mnamo Jumatano, tarehe 21 Mei, nilimwona akija kwa mwendo wa kutanua miguu. Nilimuuliza kuna nini.

"Ni mpira wa Matheka unakwaruza."

"Umejitazama?"

"Nimejitazama. Ni vidonda vidogo. Haviumi."

Nilimwambia aende kliniki siku hiyo. Alisema tarehe yake ni 10 Juni, na kwamba akienda mapema watamnyang'anya pampu. "Nimefika karibu, Mwalimu. Jana kulikuwa na dalili." Alisema atapumzika wiki moja. Kisha akachukua chupa na kuitia katika koti. Alisema atajipaka ute ule juu ya vidonda, utavipoza. Daftari lilikuwa mezani. Nilimwacha aende.

Jumamosi, tarehe 31 Mei, alishikwa na homa. Truphena alimpeleka hospitalini, na huko ndiko alikoviona vidonda kwa mara ya kwanza. Fundi alifariki Jumatatu, tarehe 2 Juni, saa kumi na moja alfajiri. Sajini ameniambia kwamba daktari aliandika maambukizi yaliyoanzia kwenye vidonda na kuenea katika damu.

Mnamo tarehe 3 Juni, saa tisa alasiri, tulikuwa tumeketi matangani nje ya nyumba ya marehemu. Austine, mdogo wake marehemu, alitoka ndani akiwa na chupa. Aliifungua akainusa, akawapitishia ndugu zake wakanusa.

"Nani hupika mrenda na magadi katika nyumba hii?" aliuliza.

"Mimi," Truphena akasema. "Na wewe umeula mara ngapi?"

"Ule wa sahani nimeula. Huu wa kufichwa kotini ni wa nini? Umemtilia ndugu yangu dawa ya kumfunga asiende kwa wengine, ukamwozesha mwili."

Kisha akamuuliza Hodo, jirani wa mlango wa pili, kama mume na mke walikuwa na amani. Hodo ni mwanamke mkweli. Alisema kwamba mwezi wa Mei alimsikia Truphena akimwambia mumewe, "Huko unakokwenda kila asubuhi ukishaoga, utaniletea ugonjwa." Alipomaliza kusema alijifunika uso kwa mtandio.

Mimi nilikuwa nimeketi hatua nne kutoka kwa Austine, nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Truphena alinigeukia.

"Mwalimu, wewe ulikuwa rafiki yake. Waambie alikuwa akienda kwa nani."

Nilisema, "Shemeji, sijui."

Siku hiyohiyo Austine alimshtaki Truphena kwa polisi; alikamatwa, na sasa yuko nje kwa dhamana. Ndugu za marehemu wamesema hatasafiri na mwili hadi Ugenya, nyumbani kwao, wala hatatupa udongo kaburini. Mazishi ni Jumamosi, tarehe 21 Juni. Nimesikia sokoni wanawake wakimwita mchawi. Nami nilikuwa nikijiambia kwamba ninatunza kiapo. Kiapo kilinifunga kutunza siri ya mtu aliye hai. Baada ya kufa kwake nilikuwa nikijitunza mimi.

Leo saa moja na nusu asubuhi, kabla ya kuja hapa, nilienda kwa Truphena. Alikuwa akifua nguo za wajukuu. Nilisimama mlangoni nikamweleza yote kama nilivyoyaeleza hapa. Nilipomaliza aliuliza:

"Kwa hiyo alikuwa kwako."

"Kwangu, shemeji."

"Asubuhi zote?"

"Zote."

"Hakukuwa na mwanamke."

"Hakuwepo. Alikuwa akijitayarisha kwa ajili yako."

Alikamua shati la mtoto, akalikamua tena ingawa halikuwa na maji. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa nimeacha kumpashia maji. Tangu Aprili alikuwa akioga ya baridi. Nilisema kama ni ya kumwogea mwingine, akapashiwe na huyo mwingine. Na hakuniuliza kwa nini."

Nilimwomba msamaha. Alisema nisimwombe kitu leo. Akaniambia nije polisi niseme yote, nisiache hata magadi. Lakini Austine na ndugu zake wasisomewe hadi yeye mwenyewe aamue.

Nikamwambia, "Shemeji, ukinyamaza watakuita mchawi maisha yako yote."

"Na wewe ukisema, yeye watamwitaje?" akajibu. "Wale wataketi kando ya jeneza lake wakicheka habari za pampu. Ninawajua. Nimewapikia miaka arobaini."

Nikaondoka kuja hapa.

Sikulazimishwa na mtu kusema haya, wala sikuahidiwa lolote. Ikiwa kuna kosa la kushtakiwa, lililopika na kunyamaza ni mimi, si Truphena. Niko tayari kusafiri hadi Ugenya na kuyarudia mbele ya ndugu zake wote, nikiwa nimesimama. Truphena akikataa, nitanyamaza; ila safari hii atakuwa amechagua yeye. Hayo ndiyo niliyoyajua na niliyoyaficha.

(Sahihi) P. Luseno
Saa sita na dakika tano mchana

MAELEZO YA AFISA

Nimemsomea shahidi maelezo yake. Amesahihisha maneno mawili kwa mkono wake na kutia sahihi kando ya kila sahihisho. Ameeleza kwamba katika sentensi isemayo "lililopika na kunyamaza ni mimi" aliandikiwa vibaya, isomeke "aliyepika na kunyamaza ni mimi". Amekabidhi daftari moja, pampu moja, kitambaa cha kuchujia, na kopo la magadi lililobaki nusu. Vyote vitapelekwa kwa mkemia pamoja na chupa.

Saa saba mchana mke wa marehemu alifika kituoni akasomewa maelezo haya peke yake. Nilimweleza kwamba nakala inaweza kupewa ndugu za marehemu kabla ya mazishi, na kwamba kituo hakitawapa bila kibali chake. Aliomba aketi nayo kidogo. Aliketi kwenye benchi hadi saa nane na nusu, nakala ikiwa imekunjwa mapajani. Kisha akairudisha na kusema atalala nayo kichwani.

Shahidi aliuliza atajuaje uamuzi wake. Nimemwahidi kwamba mama huyu akishaamua, nitamwandikia siku hiyohiyo.

(Sahihi) Sajini Wacuka