Viti Viwili Katikati ya Reli

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi cha Kata, Hanoi. Tarehe 15 Machi, saa 3:10 asubuhi.
Jina: Doan Thi Khuyen. Umri: miaka 74. Elimu: darasa la nne. Kazi: muuza chai na kahawa. Makazi: mtaa wa reli, nyumba namba 31.

Sikuitwa na mtu. Nimekuja mwenyewe kwa sababu mkwe wangu, Luong Thi Thoa, mke wa mwanangu, mmemshikilia hapa tangu jana. Anasema ndiye aliyeweka viti katikati ya reli, pale mgeni wetu alipovunjika mguu. Hakuviweka yeye. Niliviweka mimi. Leseni ya biashara ina jina lake, lakini mikono iliyobeba viti ni hii.

Luteni Tuyen anayeandika hapa namfahamu tangu ananyonya. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinirembee.

Mnamo tarehe 14 Machi, Jumamosi, saa nane na dakika arobaini mchana, walifika kwetu mke na mume kutoka Can Tho, huko Kusini. Mke anaitwa Bi Diep, mwalimu mstaafu. Mume alikuwa na kamera, akaenda kupiga picha mwisho wa mtaa. Bi Diep akatoa karatasi aliyoandikiwa na mpwa wake: pa kula, pa kununua hariri, pa kutembelea. Akaniuliza kama ni pazuri.

Mtu akiniuliza mimi jambo hilo ajue amekaa. Ndani mwetu hakuna mwanga wa kusomea, basi nikachukua viti viwili vifupi na meza ndogo, nikaviweka katikati ya reli inayopita mlangoni petu, nikamwita. Najua mlipiga marufuku kuweka viti relini mwezi wa kwanza. Nilikuwepo mlipobandika tangazo. Mlilibandika juu ya bei zangu za chai.

Nikaanza kufuta kwenye karatasi yake. Duka la kwanza la supu ya tambi nililifuta, nikamwambia supu yao ni maji ya kuoshea mifupa. Akasema huko kwao wangeongeza sukari ikawa sawa. Nikamwambia, "Ninyi watu wa Kusini hata msiba mnautia sukari." Alicheka mpaka akafuta macho. Hariri nilimkataza asinunue barabara ya watalii, aende kwa mama mmoja nyuma ya soko kubwa, achome uzi mmoja: ukinuka nywele zilizoungua alipe, ukinuka plastiki aondoke. Ziwani aende alfajiri, wazee wakinyoosha viungo, si adhuhuri. Tambi na nyama ya kuchoma nilimwelekeza kwa jirani yangu wa namba 40. Hatusemezani naye, lakini nyama yake ni nyama.

Saa tisa na dakika tano Thoa alitoka ndani na simu mkononi. Alisema kwenye kundi la simu la mtaa wameandika kuna kichwa cha treni, kitupu bila mabehewa, kinarudishwa stesheni nje ya ratiba. Akasema, "Mama, tuvute viti."

Nikamjibu, "Treni ni saa tisa na nusu. Simu yako ndiyo iliyojenga reli?"

Bi Diep alianza kuinuka. Nikamshika mkono, nikamwambia akae, mkwe wangu ni mwoga tangu anaolewa. Nikamwambia treni mimi naijua kwa vikombe: vikianza kugongana kwenye rafu, mtu bado ana muda wa kumaliza chai. Hapo andika vizuri, Tuyen. Alitaka kuinuka, mimi nikamkalisha.

Thoa aliwaingiza ndani wageni wengine waliokaa mlangoni, na viti vyao. Akarudi kwetu, akasema mara ya pili, kwa sauti ya chini ili asiniaibishe. Sikumtazama. Nilikuwa namwonyesha mgeni pa kula samaki.

Vikombe havikugongana. Kichwa kimoja kikienda polepole hakitikisi nyumba kama treni nzima. Nimekaa pale miaka hamsini, hilo nimelijua jana.

Saa tisa na dakika kumi na mbili ililia honi, na kichwa kilikuwa kimeshapinda kona, nyumba sita kutoka kwetu. Thoa aliruka. Alinishika mimi kwanza, akanitupa mlangoni kama gunia. Kisha akarudi kwa Bi Diep akamvuta, lakini mguu wa kushoto ulikuwa umenasa kwenye meza. Ngazi ya kupandia kichwa cha treni ikampiga chini ya goti. Dereva alifunga breki, kikasimama mbele kidogo.

Karatasi ilikuwa bado mkononi mwa Bi Diep. Mumewe alikuja mbio akamkuta Thoa ameinama na kiti mkononi, ndiyo maana amewaambia ni Thoa aliyeviweka. Mlipofika mkauliza nani ameweka viti, Thoa akasema, "Ni mimi." Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nilikuwa na mdomo na sikuufungua.

Jana jioni nilipika wali mwenyewe, mara ya kwanza tangu mwanangu aoe. Uliungua.

Miaka kumi na tisa namwambia Thoa hana akili. Chumvi imezidi, chai imepoa. Hajawahi kunijibu. Nasikia amemwambia askari wenu kwamba alipaswa kumvuta mgeni kwanza, si mimi. Asiseme hivyo tena. Mgeni hakupaswa kuwa pale, na aliyemkalisha pale ni mimi.

Hospitali wamesema mguu hawana uhakika nao. Mwanamke alisubiri kustaafu ndipo aje kuiona Hanoi.

Luteni alikuwa ameandika "nilipitiwa". Nimemwambia afute. Sikupitiwa. Niliambiwa mara mbili nikakataa.

Thoa aende nyumbani. Mimi nimekuja na nguo za kubadilisha na dawa yangu ya presha.

Nimesema haya kwa kinywa changu, nimesomewa yote, na ni yangu.

Sahihi: Khuyen

MAELEZO YA AFISA: Nimeandika maelezo haya mimi, Luteni Vu Dinh Tuyen, na kumsomea shahidi. Nimemfahamisha kuwa kwa aliyoyasema anaweza kushtakiwa yeye. Amesema anajua, niendelee kuandika. Saa 4:25 asubuhi nimemsomea Luong Thi Thoa maelezo haya. Amesema mama mkwe wake ni mzee na asisikilizwe, na kwamba viti aliviweka yeye. Hakubadili neno. Nimewaambia mmoja wao anaweza kwenda nyumbani. Wamekaa benchi moja, na hakuna aliyeinuka.